Chai ya Kijani, Mwili na Utii

Kyumbi ni njia panda. Hapo barabara ya kwenda mjini Machakos huachana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na hapo msafiri mwenye njaa hushuka kutafuta chai. Chai yenyewe ni ya maziwa, imechemshwa na majani na sukari mpaka ikakolea, nayo huletwa na chapati au mandazi ikiwa bado inafuka. Chai ya kijani si kinywaji cha vibanda hivyo. Hiyo hununuliwa dukani kwa pakiti ndogo, huletwa nyumbani na jamaa anayefanya kazi Nairobi, au husifiwa na mchuuzi wa virutubisho anayeahidi kwamba itayeyusha mafuta ya tumbo, itashusha presha na kufukuza saratani.

Ahadi kama hizo zinaweza kupimwa, na zimepimwa. Lakini Ukambani, eneo la Wakamba ambamo Kyumbi imo, wapo watu ambao swali lao la kwanza kuhusu kinywaji hiki halihusu presha wala tumbo. Wasabato wengi hawanywi chai. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo limeandikishwa rasmi Kenya tangu mwaka 1991, wamekatazwa kabisa. Mbele yao linasimama swali la zamani sana ambalo kikombe kimelifanya kuwa la kila siku: Mungu anapomzuia mtu asinywe kitu, je, anamzuia kwa sababu kitu hicho kinadhuru? Na siku wataalamu wakisema hakidhuru, au hata kinafaa, katazo linabaki limesimama juu ya nini?

Tuanze na hao Watakatifu, kwa sababu habari yao inafundisha zaidi. Katazo lao linatokana na ufunuo ambao Joseph Smith alisema aliupokea Kirtland, Ohio, tarehe 27 Februari 1833, unaoitwa Neno la Hekima na kuhifadhiwa kama sehemu ya 89 ya kitabu chao cha Mafundisho na Maagano. Andiko hilo halitaji chai. Linataja vinywaji vya moto. Ndugu yake Joseph, Hyrum Smith, ndiye aliyeeleza mwaka 1842 kwamba maana yake ni chai na kahawa. Mwanzoni lilitolewa kama ushauri, si kama amri. Ni katika karne ya 20, chini ya rais wao Heber J. Grant, ndipo kulishika kulipofanywa sharti la kuingia hekaluni. Muumini wa Machakos anayetaka kuingia katika hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, bado huulizwa kuhusu jambo hilo.

Chai ya kijani ilipoanza kusifiwa duniani kama dawa, waumini wengi walijiuliza kama nayo imo katika katazo. Huenda Hyrum Smith alifikiria chai nyeusi tu, ile iliyozoeleka. Agosti 2019 jarida la vijana la kanisa hilo likajibu bila kuzunguka: chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja, kwa hiyo zote ni chai, na chai iliyotiwa barafu ni chai vilevile.

Kuhusu mmea, jarida lilisema kweli. Chai zote hizi ni majani ya Camellia sinensis, mmea uleule uliopandwa Limuru mwaka 1903 na ambao leo umefunika milima ya Kericho, Nandi, Murang'a na Nyeri. Tofauti huja kiwandani. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, husagwa na kuachwa hewani mpaka yageuke rangi ya kahawia. Yale ya kijani hupashwa moto mapema, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani au kwenye sufuria kama Wachina, ili mgeuko huo usitokee. Kwa njia hiyo hubaki na wingi wa kemikali zinazoitwa katekini. Mojawapo, inayofupishwa EGCG, ndiyo iliyobeba karibu sifa zote za chai ya kijani, na kama itakavyoonekana, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari zake pia.

Basi mtu akidhani kwamba sababu ya katazo ni kafeini, aliangalie tamko la mwaka 2012, ambapo kanisa hilohilo lilisema kwamba Neno la Hekima halitaji kafeini yenyewe. Soda baridi ya kola, inayouzwa kila duka la Kyumbi, haimzuii mtu kuingia hekaluni. Kikombe cha chai ya kijani, chenye kafeini ya takriban miligramu 30, kinamzuia.

Mwingine atasema sababu ni joto. Hapa kuna kishawishi kikubwa, na waumini wanaopenda sayansi wamekikumbatia. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio. Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki kwa uchungu. Ukanda unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania hadi Malawi, una wagonjwa wengi mno wa saratani hiyo, na utafiti uliofanyika Eldoret, ukachapishwa mwaka 2019, ulikuta hatari ni kubwa zaidi kwa watu waliokuwa wakinywa vinywaji vyao vikiwa moto sana. Je, si ushahidi kwamba nabii wa mwaka 1833 aliona kile ambacho madaktari walikigundua miaka 183 baadaye?

Hapana, na wanaoitetea imani yao kwa njia hii wanaidhoofisha. Kama sababu ni joto, uji unaofuka nao ungekatazwa, na supu ya mbuzi pia. Na kinyume chake, chai iliyopozwa ingeruhusiwa. Kanisa lenyewe limesema hairuhusiwi. Anayelitegemeza katazo juu ya nyuzi 65 amelipa msingi ambao kanisa lake halikulipa, na msingi huo hauwezi kulibeba.

Wasabato wao wamechukua njia nyingine, iliyo wazi zaidi na kwa hiyo yenye ujasiri zaidi. Ellen White, mwanzilishi mwenza wa kanisa lao, alieleza kwamba alipata ono kuhusu afya mwezi Juni 1863 huko Otsego, Michigan, na tangu hapo mafundisho yao yamesema bayana kwamba chai na kahawa huuchokoza mwili na kuuibia nguvu, na kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho. Ujumbe huo ulifika Kenya mwaka 1906, kwenye kituo cha Gendia karibu na Ziwa Nyanza. Hapa afya si pambo la katazo. Ndiyo hoja yenyewe, na hoja ya namna hiyo inakubali kupimwa.

Imepimwa kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwafuatilia Wasabato wa California kwa miaka mingi, na mwaka 2001 waliripoti kwamba wanaume wa Kisabato waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Ni tofauti kubwa. Mhubiri anaweza kuishika na kusema: mnaona, wasiokunywa chai hawafi mapema.

Lakini upande wa pili wa bahari kuna Wajapani wa Ohsaki. Huko watu wazima 40,530 walifuatiliwa kwa muda wa hadi miaka 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wanawake waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 31 kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa wanaume upungufu ulikuwa asilimia 22. Kwa saratani hapakuonekana tofauti. Mwuza chai anaweza kuishika takwimu hiyo na kusema: mnaona, wanaokunywa hawafi mapema.

Wote wawili wanasema kweli, na ukweli wao unatushurutisha kufikiri. Msabato wa Loma Linda havuti sigara, hanywi pombe, wengi wao hawali nyama, na kila wiki hupumzika siku nzima pamoja na watu wanaomjali. Mjapani wa Ohsaki hula samaki na mboga, na hunywa chai yake bila sukari. Maisha ya mtu hayachambuliki kirahisi kama pojo kwenye ungo, mpaka tukachukua kitu kimoja, kikombe, na kusema hiki ndicho kilichoongeza miaka.

Majaribio yaliyojaribu kukitenga kikombe hicho yametoa majibu ya wastani. Majaribio 14 yaliyojumlishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba chai ya kijani hushusha kolesteroli mbaya kwa takriban miligramu 2 kwa kila desilita ya damu, kiasi kidogo sana kwa mtu mmoja mmoja. Kuhusu unene, uchambuzi wa mtandao wa Cochrane mwaka 2012 ulikuta uzito unaopungua ni mdogo kiasi cha kukosa maana kitabibu. Kuhusu saratani, uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2020, ulikusanya tafiti 142 zenye washiriki zaidi ya milioni 1.1 na kuona kwamba ushahidi unapingana, na kinga haijathibitishwa. Mchuuzi wa virutubisho ana haki ya kuuza chai. Hana haki ya kumwambia mtu mwenye uvimbe kwamba amemletea tiba.

Si mara ya kwanza dini na afya kuingia katika kikombe kimoja. Mwaka 1191 mtawa wa Kibuddha aliyeitwa Eisai alirudi Japani kutoka China akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu kizima kuhusu kulinda uhai kwa chai. Hoja yake ilijengwa juu ya tiba ya zama zake: kila kiungo cha mwili kina ladha yake, moyo unataka uchungu, na watu hawali vitu vichungu vya kutosha. Miaka mitatu baadaye alimpelekea chai shoguni Minamoto no Sanetomo aliyekuwa akiugua kwa ulevi wa jana. Nadharia ya ladha na viungo leo hakuna daktari anayeitumia. Chai ilibaki katika nyumba za watawa kwa sababu ilikuwa na kazi nyingine humo: iliwaweka macho wakati wa kutafakari, na hatimaye kuiandaa kukawa namna ya ibada. Msingi wa kiafya ulianguka, desturi ikaendelea kusimama.

Makka yalitokea ya kinyume. Mwaka 1511 msimamizi wa mji, Khair Beg, aliitisha kikao cha kuihukumu kahawa, kinywaji ambacho masufi walikitumia wakeshe kwa dhikri. Waliletwa matabibu, wakashuhudia kwamba kahawa inadhuru mwili, na juu ya ushahidi huo kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku haikudumu, kwani Sultani wa Kairo hakuiunga mkono. Leo kahawa chungu ni heshima ya mgeni kutoka Muscat hadi Lamu. Matabibu wale walisema walichoamini, lakini ni wazi kwamba hukumu iliyokodisha ushahidi wa tiba haikuwa na kingine cha kuisimamisha pale Sultani alipoikataa.

Muislamu wa leo analijua jambo hili kwa mfano ulio karibu zaidi. Akiulizwa kwa nini hali nguruwe, mara nyingi hujibu kwamba nguruwe ana minyoo. Tegu wa nguruwe ni hatari kweli, na wafugaji wa magharibi mwa Kenya wanamjua. Lakini nyama ikipikwa ikaiva sawasawa, tegu hufa. Je, nguruwe amekuwa halali? Hakuna shehe atakayesema hivyo, wala Muislamu mwenyewe hataonja. Kumbe minyoo haikuwa sababu. Ilikuwa jibu la adabu kwa mtu wa nje, lililomwepusha na kueleza jambo zito zaidi, kwamba anatii.

Hapa patatokea pingamizi, na linafaa litoke kwa Mkamba. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akawa kasisi wa Kianglikana na mmoja wa wanafalsafa wa Afrika wanaosomwa zaidi, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba Mwafrika wa jadi hatenganishi kitakatifu na cha kawaida, wala roho na mwili. Dini imo shambani, imo katika chakula, imo katika ugonjwa. Kuiweka afya upande huu na utii upande ule, mtu atasema, ni kuchukua kisu cha kigeni na kukata kitu ambacho wazee hawakukikata.

Pingamizi hili lina uzito, lakini desturi ya Wakamba wenyewe inalijibu. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kwa kirefu kuhusu koo za Akamba na miiko yake. Ukoo huu hauli nyama fulani, ukoo ule unakula. Aliyevunja mwiko aliweza kupatwa na thavu, unajisi unaoleta ugonjwa, naye alihitaji kutakaswa. Ugonjwa na mwiko viliungana, kama Mbiti asemavyo. Hata hivyo hakuna aliyefikiri kwamba ile nyama ni sumu, kwa sababu jirani wa ukoo mwingine aliila na akalala salama. Madhara hayakuwa ndani ya nyama. Yalikuwa katika uhusiano wa mlaji na watu wake, wahenga wake na Mungu. Hii ni fikra pana kuliko ile ya maabara, na inaieleza chai vizuri kuliko mahubiri mengi: kikombe kilekile ni kosa kwa aliyeweka agano la kutokinywa na ni baraka kwa jirani yake Mkatoliki, bila kemikali moja kubadilika ndani yake.

Kitabu cha Danieli kinasema vivyo hivyo kwa njia ya kisa. Danieli alikataa chakula na divai ya mfalme kwa sababu hakutaka kujitia unajisi. Ndipo akaomba yeye na wenzake wapewe siku 10 za mboga na maji, na mwisho wake nyuso zao zikaonekana nzuri na miili yao imenenepa. Wahubiri wa lishe hukipenda kisa hiki, lakini wengi hukisoma kuanzia mwisho. Azimio lilikuja kwanza, jaribio likafuata, na jaribio lilikuwa la kutuliza hofu ya mkuu wa matowashi wa mfalme, aliyeogopa kukatwa kichwa. Danieli hakungoja matokeo ya siku ya 10 ndipo aamue kama Mungu wake anastahili kutiiwa.

Faida ya kuliona hili ni kubwa kwa pande zote mbili. Muumini anapata uhuru: hana haja ya kuruka kwa furaha kila gazeti linapoandika kwamba chai ni mbaya, wala kutetemeka linapoandika kwamba ni nzuri. Na daktari anapata uhuru wa kusema kweli bila kuonekana anapigana na kanisa. Kweli zenyewe zipo, na baadhi zinaigusa Kyumbi moja kwa moja.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya damu. Chakula cha kila siku Ukambani ni muthokoi na maharagwe, isyo, ugali na sukuma wiki. Madini ya chuma yaliyo katika vyakula vya mimea hufyonzwa kwa shida hata kabla ya chai kuingia. Kemikali za chai, ya kijani na nyeusi kwa pamoja, hujishikiza kwenye chuma hicho na kukizuia kuingia mwilini. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 uliowapa wanawake uji wenye chuma ulionyesha kwamba chai ikinywewa pamoja na uji hupunguza ufyonzaji, na ikicheleweshwa kwa saa moja madhara hupungua. Kwa mwanamke mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, kuvimeza kwa chai ni kuvipoteza kwa sehemu. Kwa msichana anayepata hedhi na anayekula nyama mara chache, saa moja hiyo ina thamani kuliko katekini zote.

Ya pili ni ya dawa. Utafiti wa Kijapani wa mwaka 2014 ulikuta kwamba chai ya kijani ilipunguza kwa takriban asilimia 85 kiasi cha nadololi, dawa ya presha, kilichofika katika damu. Mgonjwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda naye anatakiwa amwambie daktari wake kama ameanza kunywa chai hii kwa wingi. Vituo vya afya huuliza kuhusu sigara na pombe, lakini ni mara chache kuuliza kuhusu chai, kwa hiyo inafaa mgonjwa aseme mwenyewe.

Ya tatu ni ya vidonge. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba chai ya kijani iliyotiwa maji na kunywewa kwa kawaida ni salama, na humpa mnywaji miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku. Lakini virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku vilihusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Ndiyo maana kiasi hicho kimewekewa mpaka katika sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022. Kikombe hakijawahi kuwa na nguvu ya kidonge. Aliyevuna sifa za kikombe akazibandika kwenye chupa ya vidonge amewauzia watu kitu kingine, na akifanya hivyo madhabahuni, akiita vidonge hivyo upako, amekosa mara mbili: amelidhulumu ini la muumini na amelitumia jina la Mungu kama tangazo la biashara.

Hatari hizi zote, zijumlishwe vipi, hazitoshi kumfanya mtu mwenye afya aache chai ya kijani. Wala faida zilizothibitishwa hazitoshi kumfanya aliyeapa aivunje ahadi yake. Hapo ndipo unaonekana upungufu wa kuuliza tu kama kitu kinafaa au kinadhuru: swali hilo halifiki pale mtu anapoamua maisha yake ni ya nani.

Kuna jambo moja zaidi linalostahili kutajwa. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kwa katekini za chai ya kijani, kwa ajili ya kutibu vigwaru vya sehemu za siri. Mtakatifu wa Siku za Mwisho akiandikiwa marhamu hiyo, jani alilokatazwa kulinywa litapakwa kwenye ngozi yake. Andiko lake la mwaka 1833 lina nafasi ya jambo kama hilo, kwa kuwa kuhusu tumbaku linasema kwamba haikuwekwa kwa ajili ya tumbo la mtu, lakini inafaa kwa michubuko na kwa ng'ombe wagonjwa ikitumiwa kwa busara. Mfugaji wa Kyumbi akiisoma aya hiyo ataona kwamba hata katika kitabu kinachokataza, mmea wenyewe haukulaaniwa.